Nyuki kwenye kisanduku cha mita ya maji: ni wa kwetu kweli?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, huu mwaka wa sita. Wiki tatu zilizopita nyuki walianza kuingia na kutoka kwenye kisanduku cha mita ya maji, kile kilichofukiwa ardhini mbele ya nyumba, hatua kama 10 kutoka mlangoni. Mwanzoni nilifurahi. Nimezaliwa Sikonge, mkoa wa Tabora, na marehemu babu alikuwa mrina asali, kwa hiyo nyuki si wageni kwangu. Lakini jirani aliponiona nimesimama karibu alinipigia kelele nirudi ndani, akasema hao ni nyuki wauaji 'waliotoka Afrika'. Jumamosi kijana anayetukatia majani aliumwa na nyuki kama 15, akakimbia akaiacha mashine inanguruma. Je, ni kweli hao ni nyuki wetu? Sumu yao imeongezwa? Mbona babu aliishi nao maisha yake yote? Naweza kuwahamishia kwenye mzinga nikawafuga? Na watoto niwalindeje?"*

Marahaba, mwanangu. Historia itasubiri, tuanze na la leo. Kuanzia sasa watoto wasipite mbele ya nyumba. Tumieni mlango wa nyuma. Mashine ya kukata majani isiwashwe tena upande huo, wala ile ya kupuliza majani. Kisanduku kisifunguliwe. Kisimwagiwe maji ya moto, mafuta ya taa wala dawa ya mbu, na tundu wanalopitia lisizibwe. Mwombe pia mtu wa kusoma mita asije mpaka umwite. Sababu nitazieleza, ila hayo yafanye hata kabla hujamaliza kusoma.

Pole sana kwa huyo kijana. Alichofanya kilikuwa sahihi kabisa: aliacha mashine akakimbia.

Nadhani lililokuchoma zaidi ni hilo neno "waliotoka Afrika". Nitakujibu bila kuzunguka: asili yao ni kweli ni huku kwetu, na Tabora yako imo ndani ya habari hiyo. Mwaka 1956 mwanajenetiki wa Brazil, Warwick Estevam Kerr, alikuja Afrika kutafuta malkia wa nyuki. Nyuki waliofugwa Brazil wakati huo walikuwa wa Ulaya, waliopelekwa na wahamiaji, na kwenye joto lile hawakustawi. Alijua kwamba nyuki wa Afrika huzalisha vizuri penye joto. Akachukua malkia kutoka Afrika Kusini, upande wa Pretoria, na kutoka Tabora. Wengi wa waliofika hai walikuwa wa Afrika Kusini, lakini wote ni jamii moja, nyuki wa nyanda za mashariki na kusini mwa Afrika, ambao kwa jina la kisayansi huitwa *Apis mellifera scutellata*. Ndio hao hao waliokuwa kwenye mizinga ya magome ya babu yako.

Kerr hakukusudia kuwaachia. Alitaka kuwachanganya na wa Ulaya taratibu, achague walio wapole na wachapakazi, ndipo awagawie wafugaji. Mizinga aliiweka msituni karibu na Rio Claro, jimbo la São Paulo, na mlangoni mwa kila mmoja akaweka wavu wenye nafasi ya kupita kibarua tu, yaani nyuki mfanyakazi, malkia mwenye umbo kubwa asiweze kutoka. Mwaka 1957 mfugaji mmoja aliyepita pale aliona chavua inapukutika kutoka miguuni mwa nyuki wanapojipenyeza kwenye wavu. Akawaonea huruma, akaziondoa zile nyavu. Kabla haijagundulika, makundi 26 yalikuwa yameshaondoka na malkia wao.

Kwa hiyo hakuna maabara iliyowatengeneza wawe wakali, na hakuna aliyewaongezea sumu. Kilichotokea ni kwamba nyuki waliozoea mbuga na miombo walijikuta kwenye bara lenye hali ya hewa inayofanana na ya kwao, lenye maua tele, na lenye maadui wachache. Wakasambaa, penye kasi kubwa kabisa, kilomita 300 hadi 500 kwa mwaka. Mwaka 1982 walikuwa Panama, 1986 Meksiko, Oktoba 1990 wakaonekana Hidalgo, Texas. Arizona waliingia mwaka 1993. Ni miaka 36 tangu zile nyavu ziondolewe, na sehemu kubwa ya safari hiyo waliifanya wenyewe, kundi kwa kundi, bila kubebwa na mtu.

Njiani walipandana na nyuki wa Ulaya, ndiyo maana wataalamu huwaita machotara. Wengi walitarajia kwamba damu ya Kiafrika ingeyeyuka kadiri walivyokwenda mbali. Haikuyeyuka. Makundi yao huzaana na kugawanyika mara nyingi zaidi, na hulea madume wengi, kwa hiyo malkia wa Ulaya anaporuka kwenda kupandwa hukutana angani zaidi na madume wa Kiafrika kuliko wa kwao. Malkia mchanga mwenye baba wa Kiafrika hukamilika mapema kidogo kuliko dada zake wa damu ya Ulaya, na malkia wa kwanza kutoka huwaua wenzake wakiwa bado wamo vyumbani mwao. Pia kuna vikundi vidogo vinavyofika kwenye mzinga dhaifu wa nyuki wa Ulaya, vikatua pembeni, na baada ya siku chache malkia aliyekuwemo hayupo tena. Katika nchi ya joto, mfugaji asiyebadilisha malkia hujikuta ana nyuki wengine kabisa ndani ya sanduku lile lile. Kinachowazuia ni baridi ya muda mrefu. Hawaweki akiba kubwa ya asali wala hawakusanyiki bumba kubwa la kupashana joto, kwa hiyo kaskazini mwa Marekani hawajaweza kukaa, na kusini, huko Argentina, nako wamekomea wanakoanza kuonja majira ya baridi kali. Phoenix haina baridi ya namna hiyo.

Sasa sumu. Mwiba mmoja wa nyuki huyu hauna sumu kali kuliko wa nyuki wa Ulaya, na kwa kawaida kiasi chake ni kidogo kuliko cha yule mwingine, maana hata mwili wake ni mdogo kidogo. Ukimwekea daktari mgonjwa aliyeumwa na mmoja wa huku na mwingine aliyeumwa na mmoja wa kule, hawezi kukuambia yupi ni yupi. Tofauti iko kwenye idadi ya wanaotoka, kasi ya kutoka, na umbali wa kukufuata. Watafiti waliwahi kulipima jambo hili nchini Venezuela kwa njia rahisi sana: walikitikisa mbele ya mzinga kipande cha ngozi laini, kisha wakahesabu miiba iliyobaki imechomekwa. Machotara walichoma takriban mara 8 zaidi ya nyuki wa Ulaya kwa muda ule ule, na walianza mapema zaidi. Nyuki wa Ulaya atakufukuza labda mita 30 akarudi. Hawa wanaweza kukufuata mita 400.

Nikueleze kinachotokea, kwa sababu ukikijua utaelewa kwa nini mashine ya majani ilikuwa hatari kuliko wewe uliyesimama kimya. Mlangoni mwa kila kundi kuna walinzi wachache. Mtetemo wa ardhi, mngurumo, kitu cheusi kinachotikisika, na hewa tunayotoa puani, hivyo vyote kwao ni dalili ya mnyama aliyekuja kubomoa. Mlinzi akichoma, mwiba hung'oka na kubaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na hapo hapo hutoka harufu ya kuwaita wenzake. Harufu hiyo hata wewe unaweza kuinusa. Inafanana na ndizi iliyoiva sana. Ukimponda nyuki kiganjani utaisikia. Kila mwiba unakuwa alama inayowaonyesha wengine pa kuchoma. Katika kundi la Ulaya, wachache huitikia mwito huo. Katika kundi la kwetu, kizingiti ni kidogo: mwito ukipigwa hutoka mamia, na wakishatibuka, kundi linaweza kubaki kali kwa saa nyingi. Ndiyo maana nimekuambia mashine isiwashwe tena upande huo.

Kwa nini wako hivyo? Huko Ulaya adui mkuu wa nyuki ni majira ya baridi, na binadamu amewafuga kwa karne nyingi akibakiza makundi ya wapole. Huku kwetu nyuki ameishi na nyegere anayebomoa kiota kwa makucha, siafu wanaovamia usiku, moto wa kiangazi, na binadamu aliyerina tangu zama za kale. Warina wetu wa zamani hawakuchagua mbegu. Walitundika mzinga mtupu na kusubiri kundi liingie. Kundi lililojitetea lilibaki na masega yake, lililokuwa pole likapokonywa hadi majana, yaani watoto wa nyuki. Kwa hiyo unapowaona wanatibuka upesi usiwafikirie kuwa na roho mbaya. Wanalinda watoto wao. Mahali walipojifunza hilo, ulinzi wa kusitasita ulimaanisha kufa.

Hapo tumefika kwa babu yako. Aliishi nao maisha yake yote, ni kweli, ila jiulize aliishi nao vipi. Nilipokuwa kijana nilifuatana na mrina mmoja mzee huko huko kusini mwa Tabora. Mizinga yake ya magome ya myombo ilikuwa juu ya miti, mwendo wa nusu siku kutoka kijijini. Tulirina usiku usio na mbalamwezi. Alipanda na kamba, mwenge wa magome unaofuka moshi ukining'inia begani, na kabla ya kugusa kifuniko alikaa kimya akiwapulizia moshi kidogo kidogo, huku amegeuza uso pembeni asiwapumulie. Kila alichofanya kilikuwa polepole, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala. Hakuna mtoto, mbuzi wala mbwa aliyefika pale. Na hata hivyo, mwanangu, tusijidanganye: huku nyumbani nao huua watu, na mifugo iliyofungwa kamba hufa kila mara wanapotibuliwa. Usalama wa babu ulitoka kwenye umbali, giza, moshi na subira, na vyote hivyo hatua 10 kutoka mlango wako havipo.

Najua utaniuliza kuhusu wanaosema kuwa machotara wanapungua ukali. Iko Puerto Rico, ambako waliingia mwaka 1994. Baada ya miaka kumi na kitu watafiti walikuta makundi yenye urithi wa Kiafrika lakini yenye upole karibu sawa na wa Ulaya. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kisiwa ni kidogo, watu wamebanana, na kundi kali liliuawa upesi huku pole likiachwa likazaa. Brazil nako, baada ya miaka ya mwanzo ambapo wafugaji wengi waliacha kazi, walijifunza upya: mizinga mbali na nyumba, kila mmoja kwenye kigoda chake ili ukigusa mmoja usitikise mingine, mabomba makubwa ya moshi, nguo nene nyeupe. Leo asali ya kaskazini mashariki mwa Brazil inauzwa duniani kote, na nyuki hao huvumilia varoa, kidudu kidogo kama kupe kinachowanyonya nyuki, kuliko wale wa Ulaya. Kerr, ambaye magazeti yalimtukana miaka mingi, alifariki mwaka 2018, na nafurahi kwamba aliishi hadi kuyaona hayo. Lakini Arizona si Puerto Rico. Nyuki wengi wa porini kusini mwa jimbo hilo wana urithi wa Kiafrika, na nyuki 15 kwa kijana mmoja kwa sababu ya mashine ni dalili tosha. Hata kama wangekuwa wa Ulaya ushauri wangu kwako usingebadilika.

Je, uwahamishie kwenye mzinga? Naelewa tamaa hiyo, na naiheshimu. Ni ya mjukuu wa mrina. Hata hivyo, hapana. Wako wafugaji wachache huko jangwani wanaowaweza, lakini wana ardhi, mavazi, na miaka ya mazoezi. Wewe una watoto, una jirani, na una watu wanaopita na mbwa kando ya barabara. Uwezekano mwingine ni mfugaji mzoefu kuwatoa hai, kuwapeleka mbali na kuwawekea malkia wa Ulaya, ili baada ya wiki kadhaa vibarua wote wawe watoto wake. Wapo wanaofanya hivyo, na ukimpata aliye tayari nitafurahi sana. Wengi lakini watakuambia kundi lililokwisha kuumiza mtu linauawa, na siwezi kuwalaumu. Kama moyo wako uko kwenye nyuki, tafuta chama cha wafugaji cha eneo lako, soma kanuni za mji wako, jifunze msimu mmoja kwenye mizinga ya mtu mwingine, kisha ununue kundi lenye malkia anayejulikana na umbadilishe kila mwaka. Bila hilo la mwisho, madume wa mtaani watakurudisha ulipo sasa.

Kuna tofauti moja inayowachanganya wengi. Ukiona bumba la nyuki limening'inia kwenye tawi, hao wako safarini. Hawana majana wala asali ya kulinda, mara nyingi ni watulivu, na baada ya siku moja au mbili huondoka. Hao waache, kaa mbali tu. Hao wa kwako wamekaa wiki tatu. Ndani ya kisanduku hicho tayari kuna masega na majana, na kila wiki wanazidi. Wa kwetu hawahitaji nafasi kubwa: ndoo ya lita 20 inawatosha, ndiyo maana kisanduku cha mita kinawafaa kabisa.

Wa kumwita ni fundi mwenye leseni ya kuondoa nyuki. Mweleze wazi kwamba wameshaumiza mtu, na umuulize mambo mawili: kama atatoa masega yote, na kama ataziba. Masega yakibaki, harufu ya nta itaita kundi jingine mwakani. Matundu yote ya kisanduku, na ya ukuta wa nyumba pia, yazibwe kwa wavu usiopitisha kitu cha zaidi ya milimita 3, lakini baada ya nyuki kutoka. Ukiziba wakiwemo watatafuta njia nyingine, na pengine watatokea ndani ya ukuta wako. Zimamoto usiwasumbue kwa kiota kilichotulia. Wapigie 911 mtu akiwa anashambuliwa.

Wafundishe watoto hivi, na mfanye mazoezi siku ambayo hakuna nyuki. Nyuki wakianza kugonga usoni, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari, ufunge mlango. Vuta fulana ifunike uso, ila uone unakokwenda, maana wanalenga macho, pua na mdomo. Usipunge mikono, usijifiche kichakani, usijitose kwenye bwawa la kuogelea. Watakusubiri juu ya maji hadi utakapotaka kupumua. Wakiingia nawe garini wachache, ni afadhali hao kuliko walioko nje. Miiba iondoe upesi, kwa kucha au kwa chochote. Watu hubishana kuhusu kukwangua na kubana, lakini kinachohesabika ni sekunde, kwa sababu kifuko kinaendelea kusukuma sumu. Mbwa kama mnaye asifungwe kamba uani.

Kwa hospitali, yako mambo mawili tofauti. La kwanza ni mzio, ambao hautegemei idadi. Mwiba mmoja unatosha. Mtu akivimba midomo au ulimi, akikoroma kifuani, akitokwa na vipele mwili mzima mbali na alipoumwa, akitapika au akiishiwa nguvu, piga 911 hapo hapo, na kama ana sindano yake ya adrenalini achomwe bila kungoja. Kijana wa majani apewe ujumbe huu pia: kama safari hii alivimba mbali na miiba, amwone daktari wa mzio kabla hajarudi kazini. La pili ni wingi wa sumu. Mtu mzima mwenye afya huweza kuvumilia miiba mingi, na makadirio ya kifo ni kama miiba 20 kwa kila kilo ya uzito, yaani zaidi ya 1,000. Mtoto wa kilo 20 hesabu hiyo inamfikisha 400 tu, na wazee na wagonjwa wa moyo wamekufa kwa michache kuliko hiyo. Hatari yake ni kwamba mtu anaweza kujiona mzima jioni, kumbe misuli na chembe nyekundu za damu zinavunjika na kuziba figo, hali ijitokeze kesho yake. Aliyechomwa mara 50 au zaidi, na mtoto hata kwa pungufu ya hapo, apelekwe apimwe damu na figo hata kama anacheka.

Jirani yako, nadhani, alikupigia kelele kwa hofu. Yeye ameishi huko akiwajua nyuki hawa kwa habari za vifo tu. Wewe umewajua kwa asali ya babu. Mpelekee taarifa siku fundi atakapokuja, afunge madirisha na kumwingiza mbwa ndani, na mkiwa mmekaa mweleze habari ya Rio Claro na zile nyavu.

Bado nafikiria asali iliyomo kwenye hicho kisanduku, kwa sababu najua na wewe unaifikiria. Kama fundi atawatoa hai bila dawa, mwombe akukatie kipande cha sega lililofunikwa. Akitumia dawa, masega yote yaende kwenye mfuko uliofungwa na kutupwa, na usionje hata kidole, wala usiyaache nje yakalambwa na nyuki wa mtu mwingine.